ULIENDA KOREA KUPIKA AU KUUZA SURA?

Kuna mtindo umeingia mjini na unasambaa kwa kasi ya umbea. Staa anapanda ndege, anatua Incheon, anazurura Seoul siku mbili tatu, halafu inashuka ile posti ambayo kila mtu anaijua. Kavaa hanbok ya kukodi, kasimama nyuma ya beseni la kabichi lililoiva wekundu kwa pilipili, glavu mkononi, tabasamu la tangazo la dawa ya meno. Kapsheni: "Leo nimejifunza kupika Kikorea." Chini yake wafuasi wanamwaga makopakopa na mioto. "Dada unajua kuishi." "Mume wako ana bahati." "Weka lokesheni na sisi twende."

Swali ambalo halimo kwenye maoni yote hayo ni moja tu: kapika nini?

Maana picha ukiivuta kwa karibu, glavu ni safi. Aproni haina hata doa. Mtu aliyepaka kimchi kweli anajulikana, ule unga wa pilipili unashika mpaka kwenye viwiko. Huyu wa kwenye picha hajashika kitu. Kafika, kakuta kila kitu kiko tayari, kakaa kwenye alama, kapigwa picha, kapewa cheti, kaondoka. Hilo sio darasa la mapishi. Hiyo ni studio ya picha yenye harufu ya kitunguu saumu.

Na kama yangeishia hapo isingekuwa shida. Hela ni zake, likizo ni yake. Shida ni kwamba ile posti haikai kwenye simu yake. Inageuka tangazo, na wanaolilipia ni watu wenye hela za kuunga unga.

LAIVU ILIVYOMWUMBUA MTU

Mrembo mmoja maarufu mjini hapa, jina kapuni, alirudi kutoka Seoul na cheti chake akakionyesha laivu. Mafolowa wakashangilia. Akatokea shabiki mmoja akauliza swali jepesi kabisa: "Da mkubwa, kabichi linakaa kwenye chumvi muda gani kabla ya kupakwa pilipili?"

Kimya. Akacheka. Akasema, "Jamani, mimi ni wa kula bwana, sio wa kupika," kisha akahamia kwenye stori za krimu ya uso.

Siku tatu kabla ya hapo alikuwa "amejifunza". Kapsheni bado ipo, hajaifuta.

Jibu la swali lile halina siri. Kabichi la kimchi, lile refu ambalo Wakorea wanaliita baechu, na ambalo sio zile mboga za majani zinazoitwa chainizi sokoni kwetu, linapasuliwa kwa urefu, linanyunyiziwa chumvi katikati ya kila jani, hasa kwenye mashina manene meupe. Kisha linaachwa. Saa sita, saa nane, wengine wanaliacha usiku kucha. Linakuwa tayari pale shina linapokunjwa likakubali bila kukatika. Ndipo linasuuzwa mara kadhaa, linachujwa maji, halafu pilipili inaanza kupakwa.

Sasa piga hesabu mwenyewe. Darasa ni la saa moja. Chumvi peke yake inataka saa sita. Maana yake kila darasa la saa moja la kimchi linakukutanisha na kabichi ambalo mtu mwingine ameshalimaliza. Hilo sio kosa, mwalimu hawezi kuwaweka watalii wakilitazama kabichi mpaka jioni. Lakini kuna mwalimu anayekwambia, "Hili nililoweka jana usiku, na hili hapa ni bichi, chukua chumvi uanze nalo mwenyewe, shika shina uone tofauti." Na kuna mwalimu anayekupa lililoiva bila kusema neno, unapaka mara tatu, unaambiwa hongera. Wa kwanza kakufundisha. Wa pili kakuuzia picha.

DADA WA ODA NA CHETI CHA UKUTANI

Huko chini, mbali na mastaa, kuna watu wanaofuata hizi posti kwa sababu wana mpango nazo kichwani.

Dada mmoja wa Kinondoni anauza chakula cha oda. Biashara yake nyingine ni vipodozi vya Kikorea, kwa hiyo alikwenda Seoul kufunga mzigo pale Myeongdong kama wafanyabiashara wengine wanavyofanya. Wateja wake wa chakula ni vijana. Hawa ndio waliokua na Jumong ya kutafsiriwa kwenye CD, sasa wanakesha na tamthilia za kwenye simu, na kila wiki wanamuuliza: tteokbokki ipo? Kuku wa Kikorea yupo? Kimchi je? Dada akaona mchongo. Akaongeza siku moja kwenye safari yake, akatafuta darasa. Alichagua lipi? Lile la staa, kwa sababu ndilo alilokuwa analijua.

Madarasa mengi ya kikundi pale Seoul yanaanzia won elfu hamsini na kitu na kuvuka laki moja kwa mtu mmoja. Won laki moja ni karibu shilingi laki mbili za Kibongo, inategemea umebadilisha hela siku gani. Kwa staa hiyo ni hela ya kucha. Kwa dada wa oda huo ni mtaji wa mchele, mafuta na kuku wa wiki.

Alichokikuta: watu wapatao ishirini, meza ndefu, mwalimu mbele na kipaza sauti. Kabichi limeshalowekwa. Mchuzi wa pilipili umeshachanganywa. Kila mtu kapewa robo ya kabichi na kijiko. Dakika kumi za kupaka. Kisha zikafuata hanbok, na hapo ndipo muda ulipokuwepo: kuchagua rangi, kufunga utepe, kupanga foleni ya picha. Akapewa cheti chenye jina lake, limekosewa herufi moja.

Akarudi Dar, akanunua makabichi sita, akaanza kazi. Hakujua chumvi kiasi gani. Hakujua aangalie nini ili ajue limelainika. Akafuata macho. Kabichi likatoa maji ndani ya ndoo, pilipili ikaelea, siku ya tatu harufu ikawa ya kitu kilichooza, sio kilichochacha. Alikuwa ameshapokea oda. Akarudisha hela za watu, mmoja mmoja, huku akiomba radhi kwa meseji.

Cheti kiko ukutani mpaka leo. Staa hajui kama huyo dada yupo duniani.

Hapo ndipo utani unapoishia. Mtu anapoandika "nimejifunza" mbele ya wafuasi laki ngapi sijui, halafu hajajifunza, kuna mtu mahali fulani anakwenda kulipa kwa ajili ya neno hilo.

MADARASA YA AINA TATU, NA YOTE YANAITWA "DARASA"

Ujanja wa hii biashara uko kwenye jina. Vitu vitatu tofauti kabisa vinauzwa kwa neno moja.

La kwanza ni darasa la kutazama. Mpishi anapika mbele, wageni wanaangalia, mwisho wanaonja. Hili lina faida yake kwa mtu anayetaka kujua chakula na historia yake, mradi aambiwe mapema. Pale Insadong kuna Museum Kimchikan, makumbusho ya kimchi yaliyoanza 1986. Ukienda kutazama pale umetazama, hakuna aliyekudanganya, kwenye mlango wameandika makumbusho. Na anayetaka kutia mkono, wana vipindi vya kutengeneza pia. Kila kitu na jina lake.

La pili ni darasa la kupanga. Hili ndilo hatari, kwa sababu mikono inafanya kazi lakini kichwa hakijifunzi kitu. Mfano wake mkubwa ni bibimbap. Bibimbap inapendeza kwenye picha kuliko chakula chochote: karoti huku, mchicha kule, uyoga, yai katikati. Lakini kazi ya bibimbap iko kwenye zile mboga, kila moja inaandaliwa peke yake. Hii inachemshwa kidogo na kukamuliwa maji, ile inakaangwa kwa moto mdogo, nyingine inatiwa chumvi na mafuta ya ufuta. Ukifika ukakuta vibakuli sita vya mboga zilizokwisha iva, kazi yako ni kumwaga juu ya wali na kuchanganya. Kuchanganya! Mtoto wa chekechea wa Mbagala anachanganya wali na maharage kila mchana na hajawahi kupewa cheti.

La tatu ni darasa la kushika mwenyewe. Kisu chako, ubao wako, jiko lako, sufuria lako. Ukikata vibaya, unaonekana. Ukiunguza, umeunguza chako. Gimbap ndiyo inayowaumbua wengi hapa. Ile karatasi ya mwani inaonekana rahisi, unatandaza wali, unapanga vitu, unaviringisha. Ya kwanza inapasuka. Wali umejaza mno, au hukubana. Na ule wali, tofauti na sushi ya Wajapani inayotiwa siki, wa gimbap unatiwa mafuta ya ufuta na chumvi. Mwalimu mzuri hakuokoi. Anakuacha upasuke, anakwambia ulipokosea, anakupa karatasi nyingine. Ya tatu inakubali, na hiyo ya tatu hautaisahau maisha.

Kijana mmoja wa Dodoma aliyekwenda Korea kwa mafunzo ya kazi ya miezi michache aliangukia darasa la namna hii. Halikuwa na mandhari. Lilikuwa jikoni kwa mama mmoja wa makamo, wanafunzi watano, hakuna hanbok wala cheti. Kijana alitoa simu apige picha, mama yule akamwambia kwa Kiingereza cha kuunga, "Osha mikono. Simu ni chafu." Akaiweka mfukoni saa tatu nzima. Kamenya vitunguu saumu mpaka vidole vikawaka. Kapiga uji mwepesi wa unga wa mchele wa kuchanganyia pilipili, ukashikana mabonge, kaambiwa amwage, aanze upya.

Leo anatengeneza kimchi Dodoma kwa kabichi la kawaida la sokoni, lile la mviringo, kwa sababu mama yule alimwambia hata Wakorea wenyewe wanalitumia. Anajua kwamba pilipili ya unga ya kwetu inawasha mara nyingi kuliko gochugaru yao, kwa hiyo hawezi kuweka kikombe kwa kikombe, ataua watu. Anajua joto linachachusha haraka kuliko baridi ya Seoul, kwa hiyo anaonja mapema na kuingiza kwenye friji mapema. Picha yake ya darasani haipo. Kimchi yake ipo.

"ACHENI WIVU, NI KUMBUKUMBU TU"

Utetezi unajulikana. Timu za mastaa zitafika na maneno matatu.

La kwanza: ni kumbukumbu, sio chuo cha upishi. Sawa. Basi kapsheni iseme hivyo. "Nimepiga picha na kimchi, nimefurahi, hanbok imenitoa." Nani atagomba? Hanbok ni nzuri, na ukiivaa unaingia bure kasri la Gyeongbokgung, picha utapiga mpaka simu izime. Kuuza sura ni kazi halali. Kinachokera ni kuuza sura kwa jina la kupika.

La pili: kontenti ndiyo kazi yetu, tunawaonyesha vijana dunia. Hapo kidogo pana ukweli. Kijana wa Temeke kuona mtu wa rangi yake na lugha yake yuko jikoni Seoul ni jambo zuri. Lakini ukimwonyesha mtu dunia, mwonyeshe ilivyo. Mwonyeshe kidole kilichokatika, gimbap iliyopasuka, macho yanayotoka machozi kwa pilipili. Hiyo ndiyo kontenti watu wangeirudia kutazama. Watu wa Bongo wanapenda kucheka na mtu aliyejaribu kuliko kumshangilia mtu aliyesimama.

La tatu, na hili ndilo linalouma: "Wabongo wenyewe hawana hela ya kwenda Korea, kelele za nini?" Kauli hii aliitoa msanii mmoja wa kiume, naye jina kapuni, kwenye maoni ya posti yake mwenyewe. Jibu lake ni dogo. Wanakwenda. Wanakwenda wafanyabiashara wa vipodozi, wanakwenda wanafunzi wa skolashipu, wanakwenda wafanyakazi wa serikali kwa kozi. Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Dar, wanazungukia Addis, Doha au Dubai, wamelala uwanjani juu ya mabegi, na viza wameihangaikia ubalozini. Mtu aliyefika Seoul kwa njia hiyo ndiye mwenye haki kuliko wote ya kuambiwa ukweli kuhusu mahali pa kupeleka won laki moja yake.

KIMCHI HAINA WATAZAMAJI

Kuna jambo kubwa zaidi ambalo hizi posti zinalikanyaga bila kujua.

Mwaka 2013 UNESCO iliiingiza kimjang ya Korea Kusini kwenye orodha ya urithi wa utamaduni wa dunia, na 2015 ikaingia ya Korea Kaskazini. Kilichoingizwa sio chakula chenyewe. Ni ule utaratibu wa watu kukusanyika kabla ya baridi kuanza, ndugu na majirani, makabichi milima kwa milima, kila mtu anashika kitu, halafu wanagawana ili kila nyumba iwe na kimchi ya kuvuka majira ya baridi. Mkwe anajifunza ladha ya nyumba ile pale pale kwenye beseni, kwa kupaka.

Mswahili haitaji kutafsiriwa hili. Nenda kwenye shughuli yoyote ya uswahilini usiku wa kuamkia harusi. Mikeka imetandikwa, kuna wa kumenya vitunguu, kuna wa kuchambua mchele, kuna wa kukuna nazi, kuna shangazi anayesimamia sufuria kubwa la pilau. Sasa aje mmoja, avae dera jipya, asimame karibu na sufuria apige picha, aandike "nimepika pilau ya watu mia tatu." Kitakachompata kinajulikana. Atasemwa mpaka harusi ya mjukuu wake.

Wakorea wana neno, son-mat, yaani ladha ya mkono. Wakimsifia mama kwa mapishi wanasema ana son-mat. Kwetu pia wanasema fulani ana mkono mtamu. Vipimo vile vile, viungo vile vile, mikono tofauti, ladha tofauti. Sasa mkono unapataje ladha ndani ya glavu safi?

Tena ladha ndiyo mzigo pekee unaorudi nao bila usumbufu. Kimchi yenyewe ina maji, kwenye begi la mkononi inakwama ukaguzi wa uwanja wa ndege, na kwenye begi kubwa inaendelea kuchacha na kujaza gesi, chombo kikilegea nguo zote zinakwenda na maji. Unga wa gochugaru ni mkavu, huo beba. Lakini bila ujuzi wa mkono, unga huo utakaa kabatini karibu na cheti.

MASWALI YA KUULIZA KABLA HUJATOA HELA

Kuuliza si ujinga. Anayetaka darasa la kweli atume meseji kabla ya kubuku, aulize haya, na asione aibu. Mficha uchi hazai.

Moja: kila mtu ana jiko na kisu chake, au tunashirikiana? Wakijibu "mpishi ataonyesha kisha wageni watashiriki", hiyo ni kutazama kwa jina lingine. Kushirikiana watu wawili jiko moja inavumilika. Watu wanane jiko moja, sita kati yao ni wapambe.

Mbili: vitu gani vinakuwa tayari tukifika? Hili ndilo swali la dhahabu. Kabichi kulowekwa mapema inaeleweka. Pilipili kuchanganywa mapema haieleweki, ule mchanganyiko ndio somo lenyewe: uji wa mchele, gochugaru, kitunguu saumu, tangawizi, mchuzi wa samaki, uduvi wa chumvi. Ukikosa kuuchanganya umekosa kimchi.

Tatu: watu wangapi, saa ngapi? Watu sita kwa saa tatu ni darasa. Watu ishirini kwa saa moja ni daladala.

Nne: sokoni tunapita? Sio lazima, lakini darasa linaloanzia sokoni lina uzito wake. Soko la Gwangjang lipo tangu 1905, na pale mtu wa Bongo atapata mshangao mtamu: choroko. Choroko hizi hizi zinazochemshwa na nazi huku kwetu, wao wanazisaga na kuzikaanga chapati nene zinaitwa bindaetteok. Mwalimu akikusimamisha mbele ya jiwe la kusagia choroko, umepata kitu cha kufanya nyumbani bila kuagiza chochote nje.

Tano, na hili Waislamu wasilione dogo: kuna nini ndani? Nguruwe anapenda kujificha kwenye mchuzi wa kimchi, pombe ya mchele inaingia kwenye kulainisha nyama, na ng'ombe wa bulgogi wa darasa la kawaida hakuchinjwa kihalali. Uliza kwa maandishi, sio kwa ishara za mikono siku hiyo hiyo. Itaewon kuna msikiti mkuu wa Seoul, uliofunguliwa 1976, na migahawa ya halali imeuzunguka, pa kuulizia papo. Njia nyingine ni mapishi ya mahekaluni ya Wabudha, hayana nyama wala samaki kabisa, na pale Anguk-dong kuna kituo cha Korean Temple Food Center kinachoyafundisha. Yule msanii wa kiume aliyepiga picha Ijumaa akila kitoweo asichokiuliza, hilo ni lake na Mola wake, ila mafolowa wake walioomba lokesheni walistahili kuambiwa.

Sita: angalia picha za wateja, sio za tangazo. Na usiangalie sura, angalia mikono. Picha hamsini zote ni hanbok na tabasamu? Kimbia. Picha zina mikono mekundu, ubao uliochafuka, mtu kakunja uso anaviringisha gimbap kama anafunga mzigo wa basi? Hapo toa hela.

Na la mwisho: waambie unataka kurudia nyumbani, wakufundishe mbadala. Kabichi la kwetu, pilipili ya kwetu, joto la kwetu. Mwalimu anayejua kazi atafurahi, ataanza kukuuliza yeye maswali. Wa studio atakwambia vipimo viko kwenye karatasi utakayopewa mlangoni.

KWENU MASTAA

Hakuna anayewazuia kula bata. Safirini, vaeni, pigeni picha, mjini pachangamke. Lakini neno "nimejifunza" lina bei, na bei hiyo wanailipa watu ambao hamtawahi kukutana nao. Ukitaka cha mvunguni sharti uiname, na kwenye kimchi kuinama ni kuinama kweli, mbele ya beseni, kucha zimekatwa, simu iko mfukoni.

Anayebisha kuna njia rahisi ya kuwanyamazisha watu. Fungua laivu. Weka kabichi moja, chumvi, pilipili na ndoo. Usiwe na mpishi pembeni wala karatasi. Tengeneza kimchi ile uliyosema umejifunza, ikae siku mbili, kisha ifunguliwe mbele ya mafolowa na ionjwe. Ikiwa tamu, wote watapiga magoti na kuomba lokesheni.

Wadau, mnamjua staa gani anayeweza kuingia kwenye hiyo laivu akatoka salama? Na wewe uliyewahi kushika kisu jikoni kwa watu Seoul, darasa lako lilikuwa la mikono au la sura? Uwanja ni wenu hapo chini. Majina ya mastaa msiandike, ya vyakula andikeni yote.